Homa Ikishuka, Usisherehekee Bado

Wasee, mwenye haraka achukue hii aende nayo: ukiwa na homa ya dengi, siku ya kuogopa ni ile siku homa inashuka. Unaamka shuka zimelowa jasho, kichwa kimetulia, mathe anasema asante Yesu, jirani analeta matunda. Hapo ndipo unafaa kuwa karibu na hospitali. Hakuna mtu aliniambia hivyo hapa Umoja, na Umoja kila mtu ni daktari.

Wenye hawana haraka, kaeni chini. Hii ni ndefu.

Mnaonijua mnajua niliacha chuo mwaka wa pili nikaanza kutengeneza video za chakula cha mtaani. Mnajua pia venye familia yangu huiona hiyo kazi. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja nilishuka Mombasa siku sita, mimi na rafiki yangu wa kamera, tukarekodi viazi karai, mbaazi na mahamri, mishkaki ya usiku, kila kitu. Tulikodi chumba Kisauni. Maji ya mfereji yalikuja mara moja tu hizo siku zote, kwa hivyo kila mlango ulikuwa na mapipa na mitungi imejazwa, mingine haina kifuniko. Mchana tukiwa ndani tunakata video, mbu walikuwa wanatuuma miguu chini ya meza. Mbu wa saa nne asubuhi! Rafiki yangu akasema mbu wa Pwani hawana adabu, tukacheka, tukaendelea na kazi.

Huyo mbu anaitwa Aedes aegypti. Ni mweusi, ana madoa meupe miguuni, na anauma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla giza liingie. Wale wa malaria huja usiku ukiwa umelala, ndio maana neti inasaidia. Kwa dengi neti haikusaidii sana kama wewe si mtu wa kulala mchana. Na huyu hataki maji machafu ya mtaro. Anataka maji yametulia kwa pipa, kwa ndoo, kwa tairi kuukuu, hata kwa kile kisahani unawekea maua chini.

Nilirudi na treni, nikashuka Syokimau nikiwa fiti kabisa. Siku tatu baadaye, Jumatano jioni, nikashikwa na baridi ya ajabu, ile ya kuvaa jaketi mbili na bado meno yanagongana. Macho yalikuwa yanauma kwa nyuma, ukiyazungusha unasikia kama kuna mtu anayavuta na uzi. Magoti, mgongo, viwiko, kila mahali penye mfupa palikuwa na kesi. Nilitambaa kwenda choo, na choo chetu kiko hatua sita kutoka kitandani. Kipimajoto cha jirani kikasema 39.6.

Sasa mtaani kwetu homa ina majina mawili tu: malaria na taifodi. Alhamisi nikapelekwa kliniki moja ya hapa karibu. Malaria hakuna. Wakafanya kipimo cha Widal, wakasema ni taifodi. Hicho kipimo ni cha zamani sana, kinatafuta kingamwili kwa damu, na kinaweza kukwambia una taifodi na huna, haswa sehemu kama zetu ambapo wengi wetu tumeshakutana na hao bakteria maishani. Madaktari wamekilalamikia miaka mingi. Lakini ni cha bei rahisi, kinatoa jibu haraka, na mgonjwa mwenye amelipa hataki kurudi nyumbani bila jibu. Nadhani nusu ya taifodi za Eastlands ni watu tu walitaka jibu. Hiyo ni maoni yangu, msiniletee barua.

Wakataka pia kunidunga sindano ya maumivu, diklofenaki. Mimi na sindano hatujawahi kusikizana, nikakataa, wakanipa parasetamoli. Huo woga wangu, wenye mathe amenicheka tangu nikiwa darasa la tatu, huenda ndio uliniokoa. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ni dawa za kukaa mbali nazo kama kuna uwezekano ni dengi, ju zinasumbua tumbo na zinafanya iwe rahisi kutoka damu. Parasetamoli iko sawa, bora usizidishe kipimo. Na wewe fikiria ile bahasha ya karatasi unapewa dukani la dawa ukisema tu "mwili wote unauma," vidonge vya rangi tatu bila majina. Uliza majina. Ni haki yako, na hakuna anayekufukuza.

Jumamosi asubuhi, siku ya nne, nikapiga mswaki nikatema mate mekundu. Nikaangalia miguu, nikaona vidoti vidogo vyekundu kwa ngozi, ukivibonyeza havipotei. Mathe akasema ni joto. Mathe huuza viatu vya mitumba Gikomba, na Jumamosi ndiyo siku yake ya pesa, lakini alifunga kibanda saa tano akanipeleka kliniki nyingine, ya mbali kidogo.

Huko kulikuwa na mama mmoja daktari, mtu mzima, mpole. Kabla hata anishike mkono aliniuliza, "Mwanangu, umesafiri wapi mwezi huu?" Hilo tu. Swali moja la bure. Nikasema Mombasa. Akaandika vipimo viwili, kimoja cha dengi na kingine cha kuhesabu chembe zote za damu. Cha dengi kikasema ndiyo. Cha pili kikaleta karatasi yenye mistari mingi, na mstari mmoja ulikuwa umewekewa nyota: pleteleti, 68,000.

Nieleze hapa vizuri ju hii ndio ilituletea vita nyumbani. Damu ina vitu kadhaa ndani. Kuna chembe nyekundu, zenye hubeba hewa ya oksijeni. Kuna nyeupe, askari. Kuna pleteleti, vipande vidogo sana ambavyo kazi yake ni kukimbia pale umejikata na kuziba. Halafu kuna yale maji yenye hivi vyote vinaelea ndani, plazima. Mtu mzima huwa na pleteleti kati ya 150,000 na 450,000 kwa kila tone dogo la milimita moja ya ujazo. Dengi inazishusha kwa njia mbili: kirusi kinabana uboho, pale zinatengenezewa, na kinga ya mwili wako mwenyewe inaziharibu zikiwa njiani. Kwa kawaida zinafika chini kabisa kati ya siku ya nne na ya saba hivi, halafu zinapanda zenyewe.

Zenyewe. Shika hilo neno.

Kabla niendelee, kitu kimoja cha kuchekesha. Tuko hapa tunauita huu ugonjwa taifodi, na huenda jina lake la kimataifa limetoka kwa Kiswahili. Daktari Mwingereza anaitwa James Christie alikuwa Zanzibar 1870 kulipokuwa na mkurupuko wa homa ya kuvunja viungo, na aliandika kwamba wenyeji waliiita kidinga pepo, kitu cha kukakamaza mtu ghafla, kazi ya pepo. Wengi wanaamini hilo neno ndilo lilivuka bahari likawa "dengue" kule Karibi. Leo kuna wanaosema homa ya Christie huenda ilikuwa chikungunya, yenye jina lake ni la Kimakonde na ilitambuliwa mara ya kwanza upande wa Newala, Tanzania, 1952. Watani zetu wa kusini bado huita dengi kidingapopo. Sisi Nairobi hatuna hata jina. Na si ati ni kitu kigeni Kenya: ilithibitishwa Malindi 1982, ikapiga Mandera 2011, ikaanza kurudi Mombasa tangu 2013, na 2021 ilikuwa Mombasa na Lamu. Dar es Salaam 2019 waliugua maelfu. Watu wanashuka Pwani kila wikendi na treni na mabasi, halafu wanarudi kuugulia Donholm na Kayole, na hakuna anayewauliza walikuwa wapi.

Haya. Daktari akaniambia nirudi nyumbani, ninywe maji mengi, ORS, supu, madafu kama yapo, nirudi kesho nihesabiwe tena. Akanipa karatasi ya mambo ya kuangalia: tumbo kuuma sana, kutapika bila kuacha, damu puani au kwa ufizi, kuchoka kupita kiasi au kushindwa kutulia, kukojoa kidogo. Akamwangalia mathe usoni: "Homa ikishuka, ndio umwangalie zaidi."

Mathe akasema ndiyo daktari. Na Jumapili homa iliposhuka, mathe akapiga simu kwa watu tisa kuwaambia mtoto amepona.

Simlaumu. Maisha yako yote umefundishwa homa ndio ugonjwa. Lakini kwa dengi, homa ikianza kutoka, kati ya siku ya tatu na ya saba, ndio mishipa midogo ya damu inaweza kuanza kuvuja. Ile plazima inatoka nje ya mishipa, inaingia tumboni na karibu na mapafu. Damu yenye inabaki ndani inakuwa nzito, presha inashuka, na mtu anaweza kwenda hivyo, akiwa baridi, bila homa, akiwa anasema amechoka tu. Hiyo hatari hukaa siku moja au mbili, na wengi hawafiki huko. Wenye wanafika, maji ya mshipa yakitolewa kwa hesabu nzuri na kwa wakati, karibu wote wanatoka.

Jumapili hesabu ikawa 31,000. Nyumbani kukawa na kambi mbili. Mathe alikuwa kambi ya amepona. Anti yangu wa Kariobangi South alikuwa kambi ya damu inaisha. Alikuja na bitiruti kilo mbili, chupa ya maji ya zabibu, maini, na managu ya kutosha shule ya bweni. Jirani wa chini, ambaye ana dada Dubai, akaleta majani ya mapapai ya kusagwa, ati Wahindi wote hutumia hiyo. Nikayanywa kidogo. Uchungu wake hauna mfano.

Nitasema ukweli kuhusu hivi vitu na anti anisamehe. Bitiruti, maini na managu ni chakula kizuri. Vinasaidia mtu mwenye chembe nyekundu ziko chini. Pleteleti ni kitu kingine, haziongezwi na bitiruti. Na zaidi ya hayo, ukila vitu vyekundu halafu utapike vyekundu, au uende choo chekundu, daktari atajuaje kama ni damu? Majani ya mapapai, kuna tafiti ndogo, nyingi za India, zenye zinasema pleteleti zilipanda haraka kidogo. Lakini haijaonyeshwa kwamba yanamzuia mtu kufa, na shida ni kwamba hesabu hupanda yenyewe siku hizo hizo watu wanayanywa. Chochote utakunywa siku ya sita kitaonekana ni dawa. Hata soda.

Jumapili usiku tumbo likaanza kuuma upande wa kulia chini ya mbavu. Nikatapika mara nne. Halafu, wasichana hii ni yenu, na wavulana msikimbie, hedhi ikaja. Siku nane kabla ya wakati wake. Haikuwa hedhi ya kawaida. Pedi moja ilikuwa inaisha kwa saa moja. Niliona mabonge. Nilikaa kwa sakafu ya choo nikiwa nahesabu pedi zilizobaki, zilikuwa tatu, na nikawa naona aibu kumwita mathe. Nina miaka 22 na nimesema mambo mbele ya kamera ambayo anti hawezi kuyasikia kanisani, lakini hiyo usiku niliona aibu ya pedi.

Nimesoma posti nyingi za dengi kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na hii huitaji mara moja ikipita, ama haitajwi kabisa. Wanasema damu puani, damu kwa ufizi. Mwenye mwili wa kike anaweza kutokea damu hapo pia, na akadhani ni hedhi tu imekuja vibaya, akanywa ibuprofeni ya maumivu ya hedhi juu yake. Fikiria hiyo kitu. Ukiwa na homa au umetoka kwa homa juzi, na hedhi inakuja kama mfereji umefunguliwa, mwambie mtu. Sema neno lenyewe.

Mathe alinisikia. Alinibeba, kihalisi, ngazi za orofa ya tatu, hadi kwa pikipiki, halafu teksi. Saa sita usiku tulikuwa hospitali. Sitaitaja. Kuna mlango walituzungusha saa moja na nusu, na kuna watu ndani walinihudumia vizuri sana.

Jumatatu asubuhi: pleteleti 19,000. Na kwa ile karatasi kulikuwa na namba nyingine yenye hakuna mtu wa familia aliangalia. Hematokriti, 47. Hiyo ni asilimia ya damu yako yenye ni chembe nyekundu. Jumamosi ilikuwa 39. Daktari wa wodi, kijana tu, akachora kwa nyuma ya karatasi: hizi chembe hazijaongezeka, ni maji yamepungua. Nilikuwa navuja. Kwa hivyo hiyo namba ya 47, yenye ilionekana nzuri, ndiyo ilimfanya aongeze maji ya mshipa na aje kunipima presha kila mara.

Lakini mathe alikuwa ameona 19,000. Na rafiki yangu wa kamera alikuwa ameshatengeneza bango. Picha yangu ile ya mahamri, maandishi mekundu, DAMU INAHITAJIKA HARAKA, namba ya simu. Kufikia saa nne watu 11 walikuwa wamefika hospitali, saba kati yao nilikuwa sijawahi kukutana nao. Mmoja alitoka Ruiru. Wengine mtandaoni wakasema natafuta umaarufu na drip. Sawa.

Halafu daktari akasema hataniwekea pleteleti.

Msifikirie mathe alichukua hiyo polepole. Alisimama kwa korido akauliza kwa sauti kama ni ju hana pesa. Akauliza kama ingekuwa mtoto wa mheshimiwa. Nilikuwa nasikia kutoka kitandani. Na kwa kweli ukiwa mtu wa Eastlands hilo swali si la kipumbavu. Umenyimwa vitu vingi kwa lugha ya kitaalamu.

Huyo daktari alifanya kitu kimoja nitamkumbukia. Hakukasirika. Alivuta kiti, akamwambia mathe aketi, akaeleza. Kwamba pleteleti za kuwekewa, kwa mgonjwa wa dengi, mwili unaziharibu kama zile zake tu, baada ya muda mfupi hazipo. Kwamba zinaweza kuleta mzio, na kioevu zaidi kwa mtu ambaye mapafu yake tayari yako hatarini. Kwamba huwa zinawekwa mtu akitoka damu vibaya, haziwekwi kwa sababu ya namba peke yake. Na kwamba hedhi yangu ndiyo alikuwa anaangalia: amenipa vidonge vya kuipunguza, na ikiendelea vile ilivyo hadi jioni, ataita damu yeye mwenyewe. "Mama, sijakataa. Nangoja."

Baadaye nilitafuta mwenyewe ju mimi si mtu wa kuamini tu. Kuna utafiti ulichapishwa kwa jarida la Lancet 2017, wa Singapore na Malaysia, wagonjwa watu wazima zaidi ya 300 wa dengi wenye pleteleti 20,000 kushuka, na hawakuwa wanatoka damu vibaya. Nusu wakawekewa pleteleti, nusu wakapewa huduma ya kawaida tu. Wenye waliwekewa hawakukingwa na kutokwa damu kuliko wenzao, na madhara kama mzio yalikuwa mengi zaidi kwao. Na pleteleti zenyewe ni kitu cha taabu. Hazikai kwa friji, zinawekwa joto la chumba zikiwa zinatikiswa, na baada ya siku kama tano zinatupwa. Kuna mtoto wa saratani mahali anazingoja.

Hiyo jioni hedhi ikapungua. Pedi moja kwa saa tatu, halafu nne. Mathe alikuwa anaandika kwa kitabu chake cha biashara, kile cha kuandika deni za viatu. Saa, pedi. Saa, maji niliyokunywa. Saa, mkojo. Sista wa zamu ya usiku alikisoma akasema laiti wagonjwa wote wangekuwa na karani kama huyo.

Wale 11 walitoa damu hata hivyo, wenye walipita vipimo. Haikuja kwangu. Imeenda kwa watu siwajui.

Jumanne 22,000. Jumatano 47,000, na hematokriti 40. Alhamisi 96,000, nikaambiwa nirudi nyumbani. Wiki iliyofuata 240,000. Sikuwa nimefanya chochote hizo siku ila kulala na kukojoa.

Bili ilikuwa elfu thelathini na kitu. Chama cha mathe kilitoa nusu, ninyi mkatuma nyingine kwa M-Pesa, na rafiki yangu akauza lenzi moja. Anti alisema mbele ya watu kwamba ningemaliza chuo ningekuwa na kazi yenye bima. Nilitaka kumjibu kwamba nina binamu wawili wenye digrii na mmoja wao ndiye alikuja kuniomba nauli nikiwa wodini. Nikanyamaza. Alikuwa amebeba bitiruti kilo mbili kwa matatu mbili, ana haki ya maneno kidogo.

Kupona ndiko hakuna mtu huzungumzia. Watu wanadhani hesabu ikirudi mia mbili umerudi. Wiki tatu nilikuwa nikipanda zile ngazi za orofa ya tatu napumzika kila orofa kama shosho. Nilikuwa nasahau maneno katikati ya kurekodi. Ngozi ya viganja iliwasha hadi nikawa nasugua kwa ukuta. Mwezi wa pili nywele zikaanza kutoka, nyingi, kwa kitana, kwa mto, na nilikuwa nimeshalipa kusukwa. Wanasema hutokea baada ya homa kali, zinarudi. Zimerudi, fupi fupi mbele, mnaziona kwa video. Na huzuni pia ilikuwepo, ya bila sababu, ya kukaa tu ukiangalia ukuta. Kama umetoka dengi na uko hivyo, hujawa mvivu.

Kuna jambo moja bado linanisumbua. Virusi vya dengi ni aina nne. Ukiugua aina moja unapata kinga ya hiyo aina, kwa muda mrefu. Lakini ukija kuumwa na mbu mwenye aina nyingine baadaye, uwezekano wa kuugua vibaya unapanda, haushuki. Sijui nilikuwa na aina gani, kipimo changu hakikusema. Na kazi yangu iko Pwani. Nina mkataba mdogo wa Lamu mwezi ujao, pesa nzuri, nimeukubali. Nimenunua dawa ya kupaka ya mbu, ile yenye DEET, na soksi ndefu. Mathe ananiita mwanajeshi.

Na hapa kwetu? Huyo mbu yuko hata Nairobi, hata kama mikurupuko tunaisikia Pwani na kaskazini mashariki. Maji yetu yanakuja siku mbili kwa wiki. Hesabu mapipa ya ploti yenu. Ya kwetu ni 14, matano hayakuwa na vifuniko. Nimeongea na keateka, akasema vifuniko ni kazi ya landlodi, landlodi akasema ni kazi ya wapangaji. Nimefunika manne na vipande vya dari. La tano ni la jirani wa chini, yule wa majani ya mapapai, na anasema maji yakifunikwa yananuka. Bado tunaongea.

Wiki iliyopita msichana mmoja wa Komarock aliniandikia. Ametoka Malindi, homa imeisha jana, pleteleti 44,000, anataka kujua ale nini zipande. Nikamuuliza tumbo linauma? Umekojoa mara ngapi tangu asubuhi? Hedhi? Akakaa kimya kama dakika kumi. Halafu akajibu kwamba amekojoa mara moja tu na ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Ilikuwa inaelekea saa kumi jioni. Nikampigia simu, nikaomba niongee na mama yake.